Saa Tisa na Nusu: Mali ya Kila Mtoto

Iko saa katika sheria za Kenya ambayo watoto wengi hawajawahi kuiona. Kanuni za Elimu ya Msingi za mwaka 2015 zinaeleza kwamba masomo ya darasani yaanze saa mbili asubuhi na kumalizika saa tisa na nusu, Jumatatu hadi Ijumaa. Kutoka hapo hadi saa kumi na moja kasorobo ni wakati wa michezo, muziki, uigizaji, vyama vya wanafunzi na mambo ya aina hiyo. Hebu tupige hesabu. Dakika 75 kila siku ni dakika 375 kwa wiki, yaani saa sita na robo. Kipindi kimoja cha Gredi ya Nne ni dakika 35, kwa hiyo muda huo unatosha vipindi zaidi ya kumi, na hakuna somo lolote kwenye ratiba lililogawiwa vipindi vingi hivyo. Hoja yangu leo ni moja. Shule ya msingi ya Kilutheri hapa Kedowa, na nyingine yoyote ya kanisa katika nchi hii ya chai ya Kericho na Bomet, inapaswa kuirudisha saa hiyo kwa wenyewe. Na wenyewe ni watoto wote, wepesi na wazito, wa mzazi mwenye nacho na wa mzazi asiye nacho. Vipindi hivyo vya alasiri visigeuzwe tuzo ya wanaoongoza darasani, wala bidhaa ya kuuzwa, wala mlango wa nyuma wa kupitishia tuisheni.

Kwanza tuulize saa hiyo ilipoteaje, maana tusipojua ilivyopotea hatutajua namna ya kuilinda. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985, walioutunga walitaka mtoto atakayeishia darasa la nane aondoke na kitu mikononi. Muziki, sanaa na ufundi, kilimo na sayansi kimu viliingia shule za msingi na kutahiniwa katika KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi. Wazazi walilia kwamba mzigo ni mkubwa: karakana za kujenga, vifaa vya kununua, vitabu visivyokwisha. Malalamiko yao yalikuwa ya haki, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 mtaala ukapunguzwa, karatasi za KCPE zikabaki tano. Muziki na sanaa vilibaki kwenye ratiba kwa jina tu. Mwaka 2003 elimu ya msingi ikawa bila malipo, na kwa mwaka mmoja idadi ya wanafunzi ikapanda kutoka milioni 5.9 hivi hadi milioni 7.2. Madarasa yakafurika, mwalimu akabaki yuleyule, na shule ikaendelea kupimwa kwa kitu kimoja: wastani wa alama zake. Katika hali hiyo hakuna mwalimu wa kulaumiwa kwa kuacha filimbi kabatini na kushika karatasi za marudio. Kisichotahiniwa hakikufundishwa, na dakika 75 za alasiri zikamezwa na kile tunachokiita remidio.

Wapo wanaosema kwamba tatizo hilo limekwisha kwa kuja kwa mtaala wa umilisi. Ni kweli mtaala huo ulianza kutekelezwa Januari 2019, na kweli KCPE ilifanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023. Lakini tangu mwaka 2022 wanafunzi wa Gredi ya Sita wanafanya tathmini ya kitaifa iitwayo KPSEA, ambamo sanaa za ubunifu ziliwekwa katika karatasi moja na maarifa ya jamii, kwa maswali ya kuchagua jibu. Mtoto anaweza kupata alama zote za muziki kwa kutia kivuli herufi iliyo kando ya jina la ala ambayo hajawahi kuigusa. Basi tumeona pande zote mbili. Tulipoiondoa sanaa kwenye mtihani, haikufundishwa. Tulipoirudisha, ilirudi kama orodha ya kukariri. Kwa hiyo mtihani hauwezi kuwa mlinzi wa mambo haya, hata ukitungwa na watu wenye nia njema. Yanahitaji mlinzi mwingine, mwenye sababu yake mwenyewe ya kuyataka, na asiyetegemea alama ili ajue kwamba kazi imefanyika.

Nadai kwamba kanisa linaweza kuwa mlinzi huyo. Kifungu cha 27 cha Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 kinampa mfadhili wa shule nafasi katika kamati ya usimamizi, nafasi ya kutoa maoni kuhusu mitaala, kazi ya kulea watoto kiroho huku akiheshimu imani za wengine, na kazi ya kusaidia kwa fedha na majengo. Mara nyingi makanisa yetu yamezitumia nguvu hizo kugombania nani awe mwalimu mkuu. Ratiba ya alasiri haigombaniwi na mtu. Walutheri nao wana sababu ya pekee ya kuishika. Mwaka 1524 Martin Luther aliwaandikia madiwani wa miji ya Ujerumani akiwasihi wafungue shule, na katika waraka huo alisema kwamba kama angekuwa na watoto, wangejifunza lugha na historia, na pia kuimba, muziki na hisabati yote. Hakuviita vitu hivyo mapambo. Kwake vilikuwa sehemu ya kumfanya mtu awe mtu, awe mchungaji au mfinyanzi. Ulutheri uliofika magharibi ya Kenya ulikuja na wamisionari wa Uswidi walioanza kazi Itierio, Kisii, mwaka 1948, na kwa majirani zetu wa Kilimanjaro ulitangulia zaidi ya nusu karne kabla ya hapo. Atakayekwenda Moshi au Arusha atasikia vikundi vya matarumbeta vya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT) vikiongoza harusi na maziko. Urithi huo wa muziki umekaa kanisani, na hakuna sababu usivuke uwanja kuingia shuleni. Huku Kericho na Bomet Walutheri ni wachache wakilinganishwa na Africa Gospel Church (AGC) au Wakatoliki. Uchache huo una faida. Kanisa dogo haliwezi kushindana kwa idadi ya shule, ila linaweza kuchagua jambo moja na kulifanya vizuri hadi majirani waje kuliiga.

Jambo lenyewe ni lipi? Nitaje moja kwa karibu, tusije tukabaki hewani. Kedowa iko chini kidogo tu ya mstari wa ikweta. Kwa sababu hiyo, karibu na mwezi wa Machi na wa Septemba, kati ya saa tisa na nusu na saa kumi kasorobo, jua huwa limeteremka nusu ya safari yake kutoka utosini hadi upeo wa macho, na kivuli cha chochote kilichosimama wima hulingana na urefu wake. Mwalimu anahitaji kijiti cha mita moja na kamba yenye mafundo. Watoto wanasimamisha kijiti, wanangoja kivuli chake kitimie mita moja, kisha wanakimbilia mkaratusi ulio kando ya uwanja na kupima kivuli chake kuanzia shinani. Urefu wa kivuli ndio urefu wa mti, na hakuna aliyepanda juu. Wakirudia mwezi wa Juni saa ileile, kivuli kitakuwa kimezidi kijiti, kwa kuwa jua limehamia kaskazini. Hapo mtoto atauliza kwa nini, na katika kujibiwa ataingia kwenye uwiano, pembe na mwendo wa dunia kabla kitabu hakijamfikisha huko. Chuo cha Misitu cha Kenya kiko Londiani hapa jirani tangu mwaka 1957. Wanaofundishwa humo kupima miti kwa vyombo vya kisasa wanafanya kazi iliyo ndugu na ya kijiti kile, na kuwaalika alasiri moja kwa muhula si gharama ya kuishinda shule.

Jambo la pili ni muziki. Mwaka 1950 Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, alifika Kapkatet akarekodi wasichana wa Kikipsigis wakiimba wimbo unaoitwa Chemirocha. Jina hilo lilitokana na Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani ambaye sauti yake ilikuwa imefika huku kwa santuri. Wasichana wale walimgeuza kuwa kiumbe nusu mtu, nusu paa, wakamtungia wimbo wa kwao unaoandamana na ala ya nyuzi ya kwao. Leo rekodi hiyo iko Afrika Kusini katika Maktaba ya Kimataifa ya Muziki wa Afrika, na wasomi wa nchi za mbali wameiandikia makala. Ubunifu huo haukutokana na mtaala. Ulitokana na watoto waliokuwa na muda wao, ala karibu nao na wakubwa wanaojua kupiga. Vitu hivyo vitatu ndivyo vilivyopungua. Shule inaweza kuvirudisha: muda uko katika sheria, wazee wanaojua bado wapo, na ala zinaweza kutengenezwa na watoto wenyewe chini ya fundi. Mcheza kwao hutunzwa, na mtoto atakayeanza na nyimbo za Kapkatet hatashindwa kujifunza noti za kitabu cha nyimbo za Kilutheri. Atazikuta zikimngoja akiwa na sikio lililokwisha kufunzwa.

Sasa nije kwenye neno zito la hoja yangu, nalo ni watoto wote. Vipindi vya namna hii vilianza kuenea Marekani kama mpango wa watoto wachache waliopimwa na kuonekana kuwa na akili kupita wenzao. Mtaalamu Joseph Renzulli alipinga kipimo hicho. Mwaka 1978 aliandika kwamba watu wanaofanya makubwa hukutanisha mambo matatu: uwezo ulio juu ya wastani, ubunifu, na bidii ya kushikilia kazi moja hadi iishe. Mambo mawili kati ya hayo hayaonekani kwenye mtihani wa asubuhi moja. Baadaye yeye na Sally Reis walitunga mpango wa kuipa shule nzima nafasi ya kuonja mambo mengi, ili kipaji kijitokeze chenyewe badala ya kutafutwa kwa karatasi. Sisi bado tuko nyuma ya hapo. Tamasha la Muziki la Kenya limekuwapo tangu 1927 na limetulelea waimbaji na walimu hodari. Hata hivyo, tazama linavyoathiri shule inayotafuta kombe: kwaya huchaguliwa mwanzo wa muhula, hufanya mazoezi kila jioni, na watoto wengine wote hugeuka watazamaji. Chanda chema huvikwa pete, na methali hiyo inafaa arusini. Shuleni, kazi yetu ni kuvifanya vingine navyo vipendeze. Hata riadha, inayotupa fahari kuliko yote tangu Wilson Kiprugut Chumo, mwana wa Kericho, alipoipatia Kenya medali yake ya kwanza ya Olimpiki huko Tokyo mwaka 1964, imekuwa ya kuwachuja wachache kuliko kuwakimbiza wengi.

Tukiwaachia wazazi jambo hili, pengo litapanuka. Wachumi Greg Duncan na Richard Murnane walionyesha mwaka 2011 kwamba familia tajiri za Marekani zilikuwa zikitumia karibu dola 8,900 kwa mwaka kwa kila mtoto katika vitabu, muziki, kambi na mafunzo ya ziada, ilhali familia maskini zilitumia dola 1,300 hivi, na kwamba tofauti hiyo ilikuwa imekua sana tangu miaka ya 1970. Kwetu hakuna haja ya hesabu za dola kuona njia ileile ikichongwa. Mtoto wa Nairobi hupelekwa kuogelea, kinanda na kompyuta Jumamosi. Mtoto wa mchuma chai hana Jumamosi ya namna hiyo. Kwake, shule ndiyo mahali pekee ambapo vitu hivyo vinaweza kumfikia, na saa tisa na nusu ndio wakati pekee.

Hoja za kupinga zipo, na nyingine ni nzito. Ya kwanza inasema: watoto hawajui kusoma, nanyi mnataka wapige zeze. Utafiti wa Uwezo umetuonyesha tangu mwaka 2009 hali ya kutia uchungu: kwa miaka kadhaa ni watoto watatu hivi tu kati ya kumi wa darasa la tatu walioweza kazi ya darasa la pili. Siipuuzi hoja hii. Ila kumbukeni kwamba katika miaka hiyohiyo alasiri zilikuwa zimejaa marudio. Kama dakika za ziada za mazoezi ya mtihani zingekuwa dawa, ugonjwa ungekuwa umepona. Kusoma kulianza kushughulikiwa kwa dhati mpango wa Tusome ulipoenea nchini kuanzia mwaka 2015, ukampa kila mtoto kitabu chake na kumtembelea mwalimu darasani kumwelekeza. Kazi hiyo ilifanyika ndani ya vipindi vya kawaida. Na hata hivyo, alasiri mbili kwa wiki zinaweza kuwa za hadithi: sanduku la vitabu, mtoto achague anachotaka, asome au asomewe, na asiulizwe maswali kumi mwishoni.

Ya pili inatoka kwa marafiki wa hoja yangu, nayo inanitia wasiwasi zaidi. Wanasema tuwaahidi wazazi kwamba muziki utapandisha alama za hisabati. Tusiahidi. Mwaka 2004 Glenn Schellenberg wa Kanada aligawa watoto 144 wa miaka sita kwa bahati nasibu: wengine wakafundishwa kinanda, wengine kuimba, wengine uigizaji, na wengine wakaachwa bila mafunzo. Wa muziki walipanda kidogo kuliko wenzao katika vipimo vya akili, na wa uigizaji wakaonyesha maendeleo katika kuishi na wengine. Majaribio yaliyofuata ya watafiti wengine hayakuona faida hiyo ya akili kwa uthabiti. Anayeutetea muziki kwa sababu ya hisabati atalazimika kuutupa siku takwimu zitakapomgeuka. Mimi nautetea kwa sababu mtoto anayejifunza wimbo wa sauti nne anajifunza kumsikiliza jirani bila kuipoteza sauti yake, na anayengoja kivuli kitimie mita moja anajifunza kutoiacha kazi kabla haijaisha. Hayo ni mema yenyewe.

Ya tatu ni ya mzazi wa Kedowa, ambako viazi, mahindi na ng'ombe wa maziwa vinashindana na chai kwa mikono ya familia. Mtoto akikaa shuleni hadi saa kumi na moja kasorobo, nani atateka maji na kufunga ndama? Halafu mvua yetu hupenda kunyesha mchana, mara nyingine na mawe. Luther alikutana na mzazi huyu miaka 500 iliyopita na hakumdharau. Katika waraka uleule alipendekeza watoto wakae shuleni saa moja au mbili kwa siku na muda uliobaki wasaidie nyumbani na kujifunza kazi za mikono. Nasi tusiwe wagumu kuliko yeye. Sheria inaruhusu siku tano. Tuanze na siku tatu, tukiacha Jumatano na Ijumaa watoto wawahi nyumbani. Jua huzama karibu saa kumi na mbili na nusu au baadaye kidogo, hivyo hata wa mbali wana karibu saa mbili za mwanga. Mvua ikianza, kelele ya mabati itazima kwaya, lakini haitazima uchoraji, dama wala hadithi.

Ya nne ni fedha. Shule ya umma hupokea kapitesheni ya shilingi 1,420 kwa kila mwanafunzi wa msingi kwa mwaka, na ya binafsi haipati hata hiyo. Kishawishi cha kutoza ada ya alasiri kitakuwa kikubwa. Hapa nasema bila kuzunguka: mara tu ada inapoingia, mpango umekufa, kwa sababu wa kwanza kukosekana ni wale ulioanzishwa kwa ajili yao. Tena tutakuwa tumeikaribia tuisheni, ambayo wakati wa likizo imekatazwa na kifungu cha 37 cha sheria ile ya 2013, kwa faini isiyozidi shilingi 100,000 au kifungo kisichozidi mwaka mmoja au vyote viwili. Kijiti, kamba, sanduku la vitabu na mzee mwenye zeze havihitaji ada. Posho ndogo ya mzee huyo ndiyo mzigo unaostahili sadaka ya usharika, kuliko rangi mpya ya lango.

Ya tano inatoka kwa majirani wa madhehebu mengine: je, si njia ya kuvuta watoto wetu? Jibu liwe katika ratiba, wala si katika maneno. Mtaala umeshatenga kipindi kimoja kwa wiki cha malezi ya kidini. Mafundisho ya Kilutheri yakae humo, kwa idhini ya wazazi. Alasiri mtoto wa Kikatoliki apime mti na wa AGC apige ngoma bila kuulizwa anasali wapi. Sheria inadai hivyo kwa mfadhili, na imani isiyoogopa kuumba kwa Mungu haina sababu ya kuweka mtego nyuma ya mti.

Namalizia kwa kipimo, kwa sababu mpango usiopimwa huoza kimyakimya, nami nimekataa kuupima kwa alama. Shule iweke daftari la alasiri lenye majina ya watoto wote, na kila mwisho wa muhula kamati ya usimamizi isomewe mbele ya wazazi mambo mawili. Kwanza, ni watoto wangapi ambao hawakushiriki hata kipindi kimoja, na kwa nini. Pili, kila aliyeshiriki alikamilisha nini: wimbo, ramani, kitalu cha miche, hadithi aliyoiandika kwa lugha ya mama au kwa Kiswahili. Hesabu ya kwanza ikipungua muhula hadi muhula, saa imerudi kwa wenyewe. Isipopungua, au dakika 75 zikianza tena kujazwa karatasi za marudio, wazazi wawe na haki ya kudai kengele ya kwenda nyumbani ipigwe saa tisa na nusu. Mtoto anayefunga ndama na kucheza njiani na wenzake anajifunza zaidi kuliko anayezuiliwa darasani kurudia asubuhi yake.